Msanifu wa Vietnam ana la kujifunza kwa mshona kofia

TANGU Vietnam ilegeze masharti ya uchumi wake mwaka wa 1986, majumba marefu ya vioo yamechipuka kama uyoga katika majiji ya Hanoi na Ho Chi Minh. Vioo hunasa joto, na wakazi hulazimika kutegemea mashine za kupoza hewa.

Ilhali suluhu imo katika mavazi yao wenyewe. Kofia ya jadi, nón lá, hutengenezwa kwa majani yanayoshonewa kwenye pete 16 za mwanzi. Ni nyepesi, hukinga jua na mvua, wala haibani kichwa. Vazi la áo dài nalo lina mipasuo mirefu ubavuni.

Mwaka wa 2008, msanifu Vo Trong Nghia alikamilisha ukumbi wa mianzi katika uliokuwa mkoa wa Binh Duong. Kuba lake, lenye kimo cha mita 10, huzuia jua huku tundu la kileleni likitoa hewa moto. Dimbwi linalolizunguka hupoza upepo.

Ni bayana kwamba kuiga umbo la kofia kwa saruji hakutoshi. La kuigwa ni kazi yake. Wahenga walinena, nguo ya kuazima haisitiri.