IJUE MIJI YETU: Machakos, mji ulioachwa na reli

Mpenzi msomaji, hebu mwulize mwanao: kati ya Nairobi na Machakos, mji upi ni mkongwe? Huenda akakujibu "Nairobi" bila kufikiri. Usimkemee. Mkubwa hudhaniwa ndiye mzee. Lakini ukweli ni kwamba Machakos ilikuwa tayari ina boma na afisa wa serikali wakati Nairobi ilikuwa kinamasi ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Ilikuwaje basi mdogo akampita mkubwa? Fuatana nami.

Ukitoka Nairobi, shika barabara ya Mombasa, pita Athi River, kisha ukunje kushoto pale Kyumvi. Baada ya safari ya kilomita 60 hivi utaukuta mji umeketi chini ya vilima vya Iveti, kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Vilima hivi ndivyo vinavyonasa mvua. Ukivipa kisogo na kuteremkia tambarare, nchi inazidi kuwa kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mkulima wa huku huitegemea zaidi ile ya vuli kuliko ya masika.

Jina la mji linatokana na Masaku, mzee aliyesifika kwa utabiri. Wageni walishindwa kulitamka, wakaliboronga likawa "Machakos". Wenyeji bado husema Masaku.

Kabla ya wageni hao, Wakamba walikuwa wafanyabiashara hodari wa masafa marefu, wakipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya Waingereza ilijenga kituo hapa kwa sababu misafara ya kwenda Uganda ilihitaji chakula na mapumziko. John Ainsworth alikuja kukisimamia mwaka wa 1892, na serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi mwaka wa 1895, Machakos ikawa makao ya mkoa wa Ukamba. Wengine huuita mji mkuu wa kwanza wa Kenya. Hapo wanatia chumvi kidogo, maana makao ya serikali wakati huo yalikuwa pwani. Lakini huku bara, boma lililotajika lilikuwa hili.

Kisha likaja gari la moshi. Wahandisi hawakutaka kupanda vilima. Walipitisha reli kwenye tambarare, wakaiacha Machakos kando. Mwaka wa 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka huo huo Ainsworth akafungasha virago akahamia huko. Kufikia mwaka wa 1905, Nairobi ilikuwa imeipokonya hata Mombasa makao ya serikali.

Machakos si mji wa kwanza kupatwa na hayo. Kule Uhispania upo mji wa Toledo, uliozungukwa na mto Tagus pande tatu, uliokuwa makao ya wafalme kwa karne nyingi. Mwaka wa 1561 Mfalme Philip wa Pili aliihamishia serikali yake Madrid, mji mdogo kiasi cha kilomita 70 tu kutoka hapo. Toledo haikufa. Watu wake walibaki na kazi za mikono yao.

Machakos nayo je? Katika miaka ya 1930, udongo wa Ukambani ulikuwa ukisombwa na mvua. Serikali ya kikoloni iliwalaumu ng'ombe, ikaanza kuwanyang'anya wenyewe na kuwauza. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi, wakapiga kambi majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini uuzaji ule wa lazima ulikomeshwa. Ukipita mtaa wa Muindi Mbingu hapo City Market, mkumbuke.

Udongo ulikuja kuokolewa na wenyewe. Vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, vilichimba mitaro na kurusha udongo upande wa juu kufanya matuta. Njia hiyo inajulikana duniani kwa jina la Kiswahili, "fanya juu". Watafiti walioandika kitabu mwaka wa 1994 walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu iliongezeka mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Wataalamu wengi walikuwa wametabiri jangwa.

Basi, mzazi, siku moja ya mapumziko wapeleke watoto Machakos. Waonyeshe matuta yale kwenye miteremko, uwaambie: reli ilitupita, serikali ikahama, lakini shamba halikuhama.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.