Sumukuvu katika chakula cha kuku: Hasara isiyoonekana Mombasa bara

KUKU akifa ghafla, mfugaji hupata la kulalamikia. Mzoga upo na daktari wa mifugo aweza kuitwa. Lakini ipo hasara nyingine, ambayo mfugaji mdogo wa Likoni, Kisauni au Changamwe aweza kuipata bila kumzika hata kuku mmoja. Kuku wanakula na gunia linakwisha, ila wiki ya sita inapofika na mnunuzi amesimama mlangoni, uzito haujafika.

Mojawapo ya sababu za hali hiyo ni sumukuvu, hasa ile aina iitwayo aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu wa Aspergillus flavus katika mahindi, njugu na mashudu. Sumu hii hushambulia ini. Kifaranga anayeila kidogo kidogo hatumii vyema lishe anayopewa, na kinga yake hudhoofika kiasi kwamba chanjo ya Newcastle au Gumboro yaweza kukosa nguvu iliyotarajiwa. Hapo ndipo mfugaji anapomlaumu aliyemuuzia vifaranga, au aliyechanja, na gunia la chakula likabaki bila kushukiwa.

Jambo la ajabu ni kwamba sumu hii ilijulikana kupitia ndege wa kufugwa kabla ya watu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil. Mwaka huo huo, vifaranga wa bata wapatao 16,000 walikufa katika Bonde la Ufa kwa njugu zilizochafuka. Mombasa nayo imo katika orodha hiyo: mwaka 1977, mbwa na kuku wengi walikufa hapa, Nairobi na Eldoret kutokana na vyakula vilivyohifadhiwa vibaya. Katika 1984 na 1985 ikawa zamu ya kuku waliolishwa mahindi yaliyoagizwa kutoka nje.

Hata hivyo, taifa lilishtuka kwelikweli mwaka 2004, wakati watu 317 walipougua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Tangu hapo macho yameelekezwa kwenye unga wa ugali, ambao haupaswi kuzidi mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha aina tano za unga, na Januari 2020 nyingine 17. Machi 2021, mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa kwa siku chache, kisha yakaruhusiwa kwa sharti la cheti cha ubora.

Hatua hizo zilistahili. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni hili: mahindi yaliyokataliwa mezani huenda wapi? Mwenye gunia ametia fedha zake humo, na si rahisi akubali kuliteketeza. Mnunuzi wa karibu ni mchanganyaji wa chakula cha mifugo anayetafuta bei nafuu. Sisemi kwamba wachanganyaji wote hufanya hivyo. Nasema kishawishi kipo, na ulinzi upande huo ni hafifu kuliko ule wa unga.

Kisha kuna hali ya hewa yetu. Mahindi yanafaa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia lililokauka vyema likitoka Nairobi, likafunguliwa katika duka la Likoni na kuuzwa kwa kilo huku limewekwa juu ya sakafu ya saruji, litafyonza unyevu wa bahari, na hali huwa mbaya zaidi wakati wa masika. Joto la Mombasa nalo ndilo kuvu huyu alipendalo. Anayechanganya chakula mwenyewe kwa mashudu ya nazi, ambayo kwetu yapo karibu, ajue kwamba nazi iliyokaushwa vibaya nayo hubeba sumu hiyo hiyo.

Wapo wanaoanika chakula kilichoota ukungu, wakakipepeta, wakakirudisha bandani. Jua huzuia kuvu kuendelea kukua, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki pale pale. Hata kuipika hakuimalizi. Udongo maalumu unaochanganywa na chakula ili kuinasa sumu husaidia dhidi ya aflatoksini, ila dhidi ya sumu nyingine za kuvu nguvu yake ni ndogo. Isitoshe, sumu haitapakai sawasawa: konzi moja yaweza kuwa safi na inayofuata ikawa imejaa, kwa hiyo sampuli inapasa kuchotwa sehemu nyingi za gunia.

Kilimo na afya ya mifugo ni kazi ya serikali za kaunti tangu 2013, ilhali viwango vya ubora vimo mikononi mwa KEBS. Mfugaji wa kuku 200 hawezi kugharamia maabara peke yake. Kaunti ya Mombasa ingeweza kuanzia madukani, kwa kupima magunia yaliyofunguliwa na kutangaza matokeo, hasa miezi ya mvua. Kwa sasa, mfugaji aweza kudai risiti yenye nambari ya toleo la gunia, na kuweka kando kilo moja ya chakula hicho, mahali pakavu, mpaka kundi lote liuzwe. Kuku wakidumaa, atakuwa na kitu cha kupeleka kupimwa.