Mnaua Mjumbe, Ugonjwa Mnauacha

Katika mashimo ya ujenzi ya Westlands, Kilimani na Kileleshwa, ambako majengo mengi mapya yanataka maegesho chini ya ardhi, kuna imani ambayo hakuna anayeihoji: kompyuta ya eskaveta ikitaja sensa, basi sensa hiyo imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi anafika na kifaa cha kusomea hitilafu, anakichomeka, anasoma msimbo, na kabla hajafungua plagi hata moja, kijana ameshatumwa Barabara ya Kirinyaga kutafuta spea. Mwenye mtambo huona kwamba hiyo ndiyo teknolojia. Mimi naona ni kamari, na anayeicheza siye anayelipa.

Kompyuta ya injini haiioni sensa. Inachokijua ni volti zinazofika kwenye pini yake, basi. Sensa nyingi za shinikizo zina nyaya tatu: mmoja hupeleka volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa ethi, na wa tatu hurudisha ishara, ambayo kwa kawaida hucheza kati ya nusu volti na volti nne na nusu. Ishara ikivuka mipaka hiyo, kompyuta hulalamika. Huenda ni sensa kweli. Huenda pia ni waya uliokatika, pini iliyoshika kutu au ethi iliyolegea. Msimbo unailaumu njia nzima. Fundi anasikia jina la kifaa kilicho mwisho wa njia.

Hao wanaosema kompyuta haidanganyi wangeusoma msimbo hadi mwisho. Katika mfumo wa J1939, unaotumiwa na watengenezaji wengi wa mitambo mizito, msimbo una sehemu mbili. Ya kwanza hutaja kinachopimwa: 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya injini. Ya pili hutaja lalamiko lenyewe: 3 ni volti zilizopanda kupita kiasi, 4 ni volti zilizoshuka kupita kiasi, 5 ni mkondo mdogo mno au njia iliyokatika. Lakini 1 ni habari nyingine kabisa: kipimo kinaaminika, na shinikizo lenyewe limeshuka kwa kiwango cha hatari. 100 ikiandamana na 3, hiyo ni kazi ya umeme. 100 ikiandamana na 1, zima injini, kisha pima shinikizo la oili kwa geji ya mkono. Anayebadilisha sensa katika hali zote mbili siku moja ataacha injini inoki huku sensa mpya ikisema kweli ileile iliyosemwa na ile ya zamani. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tunamuua, kisha tunamlipia nauli mwenzake aje na ujumbe uleule.

Na hapa Nairobi sababu za njia kuharibika zimejaa tele. Masika hujaza mashimo maji na tope jekundu. Mtambo huoshwa kwa maji ya presha yanayopenya hadi ndani ya plagi. Panya hutafuna nyaya za mtambo ulioegeshwa kwa muda. Anayefunga kifaa cha kumulika wezi wa dizeli huchuna waya wa kwanza anaoukuta na kuuziba kwa utepe. Mchomeleaji hurekebisha baketi bila kutenganisha betri wala kompyuta, ethi yake ameibana mbali na anapochomelea, na mkondo unajitafutia njia kupitia popote unapoweza. Niambieni ni lipi kati ya haya linalotibiwa na sensa mpya.

Hata urefu wa jiji hili kutoka usawa wa bahari unaweza kumponza fundi. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini ikiwa imezimwa, sensa ya shinikizo la hewa ya anga husoma takriban kilopaskali 101 kule Mombasa. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, husoma takriban 82. Mwenye kukariri namba ya pwani ataihukumu sensa nzima kabisa.

Nitaambiwa kwamba mtambo ukisimama, malori ya udongo nayo husimama, na kubadilisha ni haraka kuliko kupima. Si kweli. Washa ufunguo bila kuwasha injini, chomoa plagi ya sensa, weka mita kati ya waya wa volti 5 na wa ethi. Volti zikikosekana, hata sensa kumi mpya hazitafanya kazi. Volti hizo mara nyingi hugawiwa sensa kadhaa, na moja ikipiga shoti huzivuta zote chini, ndiyo maana misimbo huja kwa kundi. Zichomoe moja baada ya nyingine mpaka volti 5 zirudi, nawe umempata mkosaji. Tena, katika sensa nyingi, ukichomoa na lalamiko likageuka kutoka 4 kuwa 3, waya na kompyuta ni vizima. Hapo sensa ina hatia, na iende. Kazi yote hiyo huisha kabla kijana hajatoka kwenye foleni ya Waiyaki Way.

Imani hii inadumu kwa sababu mara nyingine huonekana kufanya kazi. Fundi akichomoa sensa ya zamani na kuchomeka mpya, hutikisa waya na kukwangua kutu ya pini. Taa inazimika, sensa mpya inapewa sifa, na mvua ikinyesha tena msimbo unarudi.

Sitawatwika mafundi lawama zote. Wenye mitambo hulipia spea bila kuguna kwa kuwa inashikika mkononi, lakini fundi akidai malipo ya saa mbili za kupima huonekana mwizi. Mkimlipa mtu kwa kuuza vitu, atawauzia vitu. Wala ujuzi hauko ng'ambo: Kabete, kando ya barabara hiyohiyo ya Waiyaki, kuna chuo cha kitaifa kinachofundisha kazi za umeme na magari. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuagiza ujuzi huo.

Basi uagizeni. Kabla ya kutoa hela za sensa, dai karatasi yenye vitu vinne: msimbo kamili na sehemu zake mbili, volti zinazokwenda kwenye sensa, hali ya ethi, na volti za ishara. Asiye navyo hajapima, na asiyepima alipwe nauli yake ya kurudi, si bei ya spea.