Silas na jina lake

Juma hili tumepokea tena ulizo lile lile: mtoto anacheza mpira vizuri, kuna mtu amesema atamfikisha Ulaya, tufanye nini? Hapa Rubaya tunaelewa ulizo linatoka wapi. Kijana asiyependa kushuka mashimoni kutafuta koltani anauona mpira kama mlango mwingine, na mama yake pia anaupenda mlango huo kuliko ule wa shimo. Hatuna nia ya kumkataza mtu. Leo tunasimulia habari za mtoto mmoja wa inchi yetu. Wavulana wetu wanamjua kwa sababu ya mbio zake, lakini wazazi wengi hawajui yaliyompata nje ya kiwanja.

Silas Katompa Mvumpa alizaliwa Kinshasa tarehe 6 mwezi wa 10, 1998. Ni mchezaji wa pembeni, winga kama vijana wanavyosema, yule anayepewa mpira kando ya mstari na kuwaacha mabeki nyuma. Mwaka 2017, akiwa na miaka 18, alienda Ubelgiji kwa majaribio katika timu ya Anderlecht. Alipendwa. Lakini viza yake ilikuwa ya muda mfupi, na ilimpasa arudi kwanza Kongo kutafuta nyingine. Kufuatana na maelezo aliyoyatoa baadaye yeye na timu yake, hapo ndipo ajenti alimwambia kwamba akirudi nyumbani hataiona Ulaya tena. Mtoto wa miaka 18, mbali na mama, baba na mjomba, angemuuliza nani? Akamfuata ajenti mpaka Paris, akakaa nyumbani kwake.

Huko akapata jina lingine. Katika karatasi mpya aliitwa Silas Wamangituka, aliyezaliwa 1999. Ajenti ndiye aliyeshika karatasi hizo, na ndiye aliyeshika pia njia ya pesa za banki. Silas akacheza Alès, kusini mwa Ufaransa, kisha Paris FC, na mwaka 2019 akanunuliwa na VfB Stuttgart ya Ujerumani. Timu zote hizo, jina la uongo.

Wengine wanauliza, mwaka mmoja tu una faida gani? Mchezaji akiwa mdogo zaidi, bei yake inapanda. Na jina pia lina kazi yake. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa kila milioni moja ya euro, hizo ni euro 50,000. Kwa timu ya kwetu, yenye mipira miwili na kiwanja cha mteremko, hebu fikirini. Lakini mtoto akiwa na jina lingine, timu iliyomfundisha itamdai nani?

Kiwanjani alikuwa moto. Mwezi wa 12, 2020, Stuttgart ilienda kuipiga Dortmund 5-1 kwao, na Silas akafunga mawili. Siku chache mbele ya hapo, alikuwa amewakasirisha watu wa Bremen: alipata goli tupu, akatembea polepole na mpira mpaka kwenye mstari ndipo akausukuma ndani. Mwamuzi akampa karata ya manjano. (Sisi walimu tunawajua watoto wa namna hiyo, wapo katika kila darasa.) Alimaliza msimu na magoli 11 na akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi ya Ujerumani. Lakini mwezi wa 3, 2021, katika mechi na Bayern, goti likakatika mshipa.

Ni baada ya hapo, akiwa ameshaachana na ajenti yule, ndipo alipoamua kuambia timu yake ukweli. Mwezi wa 6, 2021 habari ikatangazwa. Alieleza kwamba miaka ile yote aliishi na woga, na kwamba alikuwa akiwaogopea pia watu wa familia yake huku Kongo. Timu ilisimama naye na kusema kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Hata hivyo shirikisho la mpira la Ujerumani lilimfungia miezi 3 na kumtoza faini ya euro 30,000. Kwetu sisi jambo hili linauma: mkubwa alipanga, mtoto akalipa. Lakini sheria inaangalia mtu aliyecheza na karatasi ile, na picha iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Silas.

Alirudi. Tarehe 21 mwezi wa 1, 2024, kule Côte d'Ivoire, ndiye aliyesawazisha kwa Leopards mbele ya Moroko, 1-1. Tulipiga vigelegele kwa ajili ya mtoto wa Katompa, si wa mtu mwingine.

Sasa turudi kwa ulizo. FIFA inakataza kumhamisha mchezaji inchi ya nje mbele ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Basi mtu anayetaka kumpeleka mtoto wa miaka 15 majuu kusaini kontra, mwambieni arudi akiwa na sababu hizo mkononi. Lakini Silas alikuwa amepita umri huo, na sheria hiyo haikumkinga. Yeye alikosa vitu vidogo: paspoti yake mwenyewe mfukoni mwake, banki yenye namba ya siri anayoijua peke yake, na mtu wa nyumbani wa kumpigia simu usiku ule alipoambiwa asirudi.

Na kwetu karatasi ni shida tangu mwanzo. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kumwandikisha mtoto eta sivile. Zikipita, inabidi kupitia tribinali. Wengi wetu tulikimbia na watoto mgongoni, tukaacha kila kitu nyumbani. Mtoto asiye na karatasi, yeyote anaweza kumpa jina na mwaka anaotaka. Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaketi na wamama wenye shida hiyo, tuandike pamoja majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Atakayekuja alete alichobaki nacho: karata ya chanjo, karatasi ya ubatizo, buletini ya shule, hata kama imelowana.