Nguvu Bila Kipimo Ni Hasara

Vijana wengi wenye magari ya turbo jijini Nairobi hutamani kuongeza shinikizo la hewa ili injini zipate nguvu zaidi. Siwakatazi. Ninalosisitiza ni kwamba elimu iitangulie tamaa.

Turbo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka wa 1905, huzungushwa na moshi utokao injinini, nayo huisindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikisindiliwa hupata joto. Joto likikithiri, au petroli isipoongezwa kulingana na hewa, mchanganyiko hulipuka wenyewe bila kungoja mwali wa plagi. Injini hugonga, na pistoni huweza kupasuka kwa muda mfupi mno.

Isitoshe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni haba, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kasi kuliko Mombasa ili kufikia shinikizo lile lile.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwanza akague pampu ya petroli, plagi na kipoza hewa; kisha aongeze shinikizo kidogo kidogo, akipima uwiano wa hewa na petroli kila hatua. Majaribio yafanyiwe kwenye mtambo wa kupimia nguvu, si barabarani penye watu.

Walimu wa fizikia, hapa ndipo sheria za gesi zinapopata uhai. Wafundisheni vijana kupima. Asiyepima asiongeze.