Kuwatayarisha Wazazi, au Kuwatupia Mzigo?

Shule moja ya msingi upande wetu huu wa ziwa Tshangalele iliwaita wazazi mkutanoni. Jina lake hatulitaji, maana si hiyo peke yake yenye mawazo hayo, na direkta wake ni mtu mwema ajitahidiye. Wazazi walifika, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, akina mama na watoto mgongoni, wavuvi wengine wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye nyavu. Wakakaa katika madawati ya watoto wao, magoti juu, wakasikiliza.

Wakaambiwa hivi: Dunia imebadilika. Siku yoyote shule yaweza kufungwa tena kama ilivyofungwa mwaka 2020. Basi kila nyumba ijitayarishe kwa masomo ya mbali. Itafute simu kubwa, ile ya kugusa kwa kidole, itie uniti za intaneti, iingie katika kikundi cha WhatsApp cha darasa. Mwalimu atatuma somo, mtoto atalinakili, mzazi atapiga picha ya daftari na kuirudisha. Kisha karatasi ikapitishwa ili kila mzazi aandike namba yake.

Karatasi ile tuliiona. Wazazi walikuwa wengi, namba chache. Na kati ya hizo chache, nyingine zilikuwa za simu ndogo za tochi, ambazo haziwezi kupokea picha wala somo. Nyingine zilikuwa za shemeji au kaka anayekaa mjini Likasi. Mama mmoja akasimama, akauliza: «Mwalimu, simu ni ya baba yao, naye huenda nayo kambini kwa wavuvi siku tano. Mtoto atasoma siku gani?» Watu wakacheka. Nasi tulicheka. Lakini njiani, tukirudi, tuliona kwamba mama yule ndiye pekee aliyesema neno la maana siku ile, naye hakujibiwa.

Twasema wazi: huko si kutayarisha. Mtu akikualika karamuni, hakuagizi uje na sufuria, na kuni, na unga, na chumvi, kisha akasema kwamba amekutayarishia chakula. Shule iliyo na kazi ya kufundisha imetazama kazi hiyo, imeiona nzito, imeibeba mpaka mlangoni kwa mvuvi, imeitua pale, na kuita jambo hilo maendeleo.

Tuanze na umeme, maana simu isiyo na umeme ni kipande cha kioo tu. Na hapa Tshangalele jambo la umeme lina uchungu wake. Ziwa hili halikuumbwa pamoja na milima. Lilifanywa na watu. Mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta pale Mwadingusha, na tangu mwaka 1930 mashine zilianza kutoa nguvu kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Mabonde yalifunikwa na maji, na watu wa kando wakajifunza kuishi na ziwa. Ni zaidi ya miaka 90 sasa. Mashine zile zilipochakaa, zilitengenezwa upya, na mwaka 2021 zote sita zilikuwa zimerudi kazini, zikiweza kutoa megawati 78. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, kule karibu na Kolwezi, kwa sababu mgodi ule ulihitaji umeme.

Hatuwalaumu wenye mgodi kwa kutengeneza mashine zilizokuwa zikifa. Afadhali zitengenezwe kuliko zife. Lakini tazama juu! Nyaya nene zapita angani kuelekea migodini na mijini, na chini yake nyumba ya nyasi ina kibatari. Katika Kongo yote, watu wenye umeme ni kama 20 hivi katika 100. Vijijini hawafiki hata 5. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa maji yanayozungusha mashine zile, ili asome hilo somo la WhatsApp, yampasa apeleke simu kwa mwenye duka aliye na paneli ya jua, alipe franka, angoje mpaka jioni. Na mwenye duka akiwa na wateja wengi, simu ya somo ni ya mwisho, maana wa mbele ni wafanya biashara. Hayo ndiyo matayarisho?

Tuje kwa fedha. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo lilikaa katika karatasi miaka 13. Mwezi wa Septemba 2019 ndipo serikali ilipoanza kulitimiza, na wote tulioona siku zile twakumbuka jinsi watoto walivyojaa madarasani: watoto wa wajane, watoto waliokuwa wakifukuzwa kila mwezi kwa ajili ya karo. Madarasa yalifurika, walimu wengi wakafundisha bila jina lao kuwamo katika orodha ya mishahara, taabu zilikuwa nyingi. Hata hivyo mlango ulifunguliwa. Na sasa, je? Simu kubwa ina bei. Uniti zina bei. Kuchaji kuna bei. Hesabu bei hizo kwa mwenye watoto wanne katika madarasa manne, na simu moja. Karo iliyotolewa mlangoni yarudi kwa dirishani, nayo haina hata risiti.

Tena tusisahau kisa hiki. Mwaka ule ule wa 2020, watoto walipoambiwa wasome kwa simu, kodi mpya ya simu ilitokea mwezi wa Septemba, ile iliyoitwa RAM. Mwenye simu ya kuingia intaneti alidaiwa dola 7 kwa mwaka, zikikatwa kidogo kidogo katika uniti zake, naye asijue zimekwenda wapi. Watu walinung'unika, wabunge walipiga kelele, na kodi ile ikafutwa mwaka 2022. Mkono mmoja ulisema «someni kwa simu», na mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa mwenye simu.

Wengine husema: «Ninyi watu wa misheni mwapinga kila kitu kipya.» Sivyo. Simu ni chombo chema. Mjini Lubumbashi, au hata Likasi penye nyaya, nyumba ambamo baba na mama wana simu zao na umeme hauzimiki sana, mtoto aweza kufaidika, na asifaidike kwa nini? Vita yetu si juu ya simu. Twapinga kumpima mtoto wa mvuvi kwa kipimo cha mtoto wa mkubwa wa kazi, kisha kusema kwamba amebaki nyuma kwa uvivu.

Tena mambo haya si ya kubahatisha. Tumeyaona kwa macho. Shule zetu zilifungwa tarehe 19 Machi 2020. Tarehe 10 Agosti walirudi wale wa darasa la sita na wa mwisho wa sekondari, wadogo walingoja. Zikafungwa tena tarehe 18 Desemba, na kufunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Wakati ule masomo yalikuwa redioni, Radio Okapi ikiwamo, na masomo mengine katika intaneti. Huku kwetu watoto walikuwa wapi? Wengine walikuwa mtumbwini na baba zao, na huyo twaweza kumsifu kwamba alijifunza kazi. Wengine walichoma makaa. Wengine walifuata kaka zao kwenye mashimo ya madini, wakaosha mawe kwa mikono katika maji yaliyochafuka, wakapata franka. Mtoto aliyezoea kushika franka zake mwenyewe ni vigumu kumrudisha kwenye dawati. Na wasichana wengine hatukuwaona tena darasani. Tuliwaona baadaye wana mimba. Shule ilipofunguliwa, daftari la majina lilisomwa, na palikuwa na majina ambayo hayakuitikiwa. Nani aliuliza habari zao katika kikundi cha WhatsApp?

Wala si Kongo peke yake. UNICEF ilitangaza mwezi wa Agosti 2020 kwamba watoto milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya namna yoyote, wala ya intaneti, wala ya televisheni, wala ya redio. Jirani zetu wa Uganda walifunga shule muda mrefu kuliko nchi nyingine, karibu miaka miwili, mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kenya, nchi iliyotutangulia sana kwa mambo ya simu, iliruhusu hata mabaluni ya kampuni moja ya Marekani yapae juu sana angani ili kutupa intaneti chini. Yalianza kazi mwezi wa Julai 2020, na Januari 2021 wenyewe wakatangaza kwamba yamefungwa. (Tungependa kujua mzee wa kijijini alisema nini alipoambiwa kwamba shule ya mjukuu wake iko ndani ya baluni.) Wakenya walirudisha watoto wote madarasani mwezi ule ule wa Januari 2021, chini ya miti mahali pengine, kwa sababu vyumba havikutosha.

Basi, ikiwa shule yataka kwa kweli kuzitayarisha nyumba zetu, na ianze kwa kuzitembelea. Mwalimu aende kijiji kwa kijiji kabla ya taabu kuja, aandike: nyumba hii ina redio, ile haina, hapa kuna dada wa darasa la sita awezaye kumsomesha mdogo wake, pale mama hajui kusoma lakini ni mkali, atahakikisha mtoto anakaa chini. Orodha hiyo ni bora kuliko ile karatasi ya namba za simu. Kisha somo lichapwe. Karatasi haihitaji kuchajiwa. Simu moja yatosha kwa shule nzima: direkta apokee masomo yanayotumwa kutoka Likasi au Lubumbashi, ayafanyie fotokopi, ayagawe sokoni siku ya soko, maana siku ile kila kijiji kina mtu wake pale. Juma lijalo mtu yule yule alete daftari, mwalimu asahihishe kwa wino mwekundu.

Redio nayo isidharauliwe. Sierra Leone, ugonjwa wa Ebola ulipofunga shule zao tangu mwaka 2014 hata mwaka uliofuata, walifundisha watoto kwa redio miezi mingi. Haikuwa kamili, maana redio haiwezi kumwona mtoto aliyesinzia. Lakini redio moja yaweza kukaa katikati ya uwanja na watoto kumi wakaizunguka, na betri zake zanunuliwa kwa kuchangiwa. Na somo la watoto wadogo liwe kwa Kiswahili, tafadhali. Somo la Kifaransa kizito mbele ya mama aliyetoka shambani ni kelele tu, naye aona haya kuuliza.

Fedha za fotokopi zitoke wapi? Hilo ni swali la haki, lakini lisielekezwe kwa mvuvi peke yake. Wanaochota nguvu katika ziwa hili wanajulikana, ofisi zao zina milango, na sheria ya migodi iliyotengenezwa upya mwaka 2018 yawataka wachangie maendeleo ya wenyeji. Kamati ya wazazi ikaandike barua. Nasi tunaoongoza shule chini ya mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa tusijifiche: shule nyingi za upande huu ni za mikono yetu, na mkutano ule ungaliweza kuwa wetu.

Na ninyi wazazi, tusiwapake mafuta. Katika nyumba zenye redio, mwaka 2020, tuliisikia ikilia muziki na mpira tangu asubuhi mpaka usiku. Saa ya somo ilipofika, kidole cha baba kiligeuza. Wengine walisema: «Kusomesha ni kazi ya mwalimu, mimi nina nyavu.» Baba wa namna hiyo, hata ukimpa simu ya dhahabu, atapiga nayo picha za harusi. Saa moja kwa siku mtoto aachiwe mtumbwi, akae na daftari lake wakati jua lingaliko, maana usiku hamna taa, na sababu yake tumekwisha kuisema.

Mkutano wa pili umekwisha kuitwa. Karatasi ya namba itapitishwa tena, twasikia, kwa sababu ile ya kwanza haikujaa. Tumeshauriana na wazazi kadhaa. Kila mmoja asiye na simu hataacha nafasi yake tupu: ataandika jina la kijiji chake, idadi ya watoto wake, na siku ambayo mwalimu atamkuta nyumbani. Na yule mama wa swali la kwanza tumemwomba akae dawati la mbele.