Barua ya Wazi kwa Askofu wa Zanzibar Juu ya Gazeti la Msimulizi

Mhashamu Baba Askofu,

Naomba wasaa wako kwa jambo ambalo, kwa rai yangu, limekawia mno.

Aingiaye Kanisa Kuu la Mkunazini, lililoasisiwa Krismasi ya 1873 katika kiwanja cha soko la watumwa, mwaka uleule Sayyid Barghash alipolifunga soko hilo, hulikuta kaburi la Askofu Edward Steere nyuma ya madhabahu. Wala siionei gere heshima hiyo, maana alikifanyia Kiswahili kazi kubwa, na alipozitoa hadithi zake mwaka 1870 alikiri katika anwani ya kitabu kwamba zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Ila majina ya Waafrika wa misheni yake, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), ni wachache wayajuao.

Namkusudia John Swedi, mmoja wa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, ambao Sayyid Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864 (sidhani kama waliulizwa hiari yao), naye mwaka 1879 akawekewa mikono kuwa shemasi. Namkusudia kadhalika Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, aliyepewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA, akahudumu Chitangali kati ya Wayao wenziwe.

Wala hawakuwa mabubu watu hao. Tangu 1888 hadi 1896 Chuo cha misheni hiyo cha Kiungani kilipiga chapa gazeti la Msimulizi, ambamo walimu na wanafunzi Waafrika walipashana, kwa Kiswahili chao, habari za vituo vyao vya bara. Aghalabu taarikhi ya misheni tumeipokea katika barua za Wazungu kwa wafadhili wao Uingereza, ambazo sharti ziwe na majonzi kiasi na ushindi kiasi, sadaka isije ikakatika; ilhali hawa waliandikiana wao kwa wao.

Nyaraka za UMCA zimehifadhiwa Oxford, nazo zi salama huko bila shaka, lakini mwanafunzi wa Unguja nauli hana.

Kwa hiyo nakusihi, Baba Askofu, Dayosisi yako ishike shauri na vyuo vyetu, Msimulizi achapwe upya, lugha yake isisahihishwe hata herufi, na auzwe kwa bei aiwezayo mwanafunzi, awe Mkristo au Mwislamu.